Mama mchungaji, watoto 47 na uhamisho wa Januari

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, dada.

Mimi ni mke wa mchungaji, tunatumika katika usharika wa kijijini mkoani Njombe. Nina cheti cha ualimu Daraja la Tatu A ila sikuwahi kuajiriwa. Nilimfuata mume wangu huku alikopangiwa. Miaka mitatu iliyopita nilianza kuwakusanya watoto wadogo kwenye ukumbi wa kanisa. Akina mama walikuwa wakienda kuvuna viazi na kuwaacha wadogo kwa dada zao wa darasa la tatu na la nne, na hao madada wenyewe shule ilikuwa inawapita. Tulianza na watoto 11. Sasa wako 47: wenye miaka 2 ni 8, wenye miaka 3 na 4 ni 26, na 13 wametimiza miaka 5 au wameivuka. Tuko wawili tu, mimi na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne.

Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Ingepaswa kuingia 470,000, lakini mwezi uliopita nilipata 180,000. Binti namlipa 60,000, na sasa ananidai miezi miwili. Unga, sukari na kuni natoa nyumbani. Nimekuwa nikiandika pembeni na imefika 310,000. Ada wanatuma kwenye simu yangu. Baraza la wazee limeanza kuuliza, na mzee mmoja alisema mbele ya watu kwamba mama mchungaji ana mradi wake. Niliumia sana.

Mwezi wa saba alipita afisa ustawi wa jamii akaomba cheti cha usajili. Sina. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi naye ananiambia watoto wanaotoka kwangu wanaimba a, e, i, o, u vizuri, ila ukiwaonyesha herufi hawazijui, na wanashika penseli kwa ngumi. Wazazi upande wao wanataka niwafundishe Kiingereza na niwape kazi za kufanya nyumbani.

Juu ya hayo naongoza Shule ya Jumapili na umoja wa wanawake. Mwanangu wa darasa la tano ameshuka darasani; jioni ananikuta nimesinzia kwenye kiti. Na tunasikia kwamba Januari tutahamishwa.

Nifunge, nikabidhi, au niendelee hadi tutakapohama? Na nikikabidhi, nimkabidhi nani? Maana nikikosa siku moja tu, darasa halifunguliwi.

Mama mchungaji, Njombe

JIBU

Amina, mama.

Usifunge. Wala usingoje barua ya uhamisho ndipo uanze kukabidhi. Katika barua yako yote, neno zito kuliko deni na kuliko maneno ya yule mzee ni hilo la mwisho: ukikosa siku moja, darasa halifunguliwi. Darasa la namna hiyo huhama na mchungaji, na akina mama wale wanarudi kuwaachia watoto madada wa darasa la tatu. Yote ninayokuandikia hapa yanalenga jambo moja, kwamba Januari ukumbi ufunguliwe na mtu mwingine, kwa ufunguo usiolala nyumbani kwako.

Tuanze na idadi, kwa sababu ndiyo inayokuchosha na ndiyo iliyomleta afisa ustawi. Hapo ukumbini una makundi matatu ambayo kisheria na kimalezi hayakai pamoja. Watoto wa miaka 5 mahali pao ni darasa la awali, ambalo liko chini ya Wizara ya Elimu, na shule ya msingi ya serikali inalo bila ada. Wa miaka 6 anapaswa kuwa darasa la kwanza. Walio chini ya umri wa darasa la awali wanakaa kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, na hicho husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Ukitaka kuwabeba wote utahitaji kupita milango miwili ya usajili na kuwa na walimu ambao huna. Hao 13 wapeleke kwa mwalimu mkuu. Mpelekee orodha: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, ili Januari waandikishwe bila kukosa. Wazazi wengine watakataa kwa kuwa darasa la awali la serikali lina watoto wengi. Waeleze kwamba mtoto wa miaka 5 aliyechanganywa na wa miaka 2 hujifunza kungoja tu, maana mwalimu anashinda akiwafuta wadogo mafua.

Wale 8 wa miaka 2 ndio wagumu, na hapa nitasema wazi: kwa sasa huwezi kuwalea salama. Wa miaka 2 anahitaji kubadilishwa nguo, kulala saa za asubuhi, na mtu mzima asiyemwondolea jicho, kwa sababu kila anachookota anakipeleka mdomoni. Usipokee wapya. Waliopo wabaki kwa sharti kwamba akina mama wao wanapeana zamu, mmoja kila siku, anakaa nao pembeni ya ukumbi. Ikishindikana, warudi nyumbani hadi watimize 3. Mikononi mwenu wanabaki wale 26 wa miaka 3 na 4, na idadi hiyo watu wazima wawili wanaimudu. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kwa wadogo zaidi watu wawili kwa 26 si anasa.

Usajili. Nenda mwenyewe ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kabla hawajarudi kwako. Afisa anayefuatwa na mtu anayetaka kufuata utaratibu huwa mwalimu wake. Anayekuta mlango umefungwa huwa mkaguzi. Omba fomu na orodha ya masharti kwa maandishi. Kwa kawaida wataangalia jengo, maji, vyoo, uzio, mahali pa kupikia, sifa za walezi na taarifa ya afisa afya. Maombi yaandikwe kwa jina la usharika, yakiwa na muhtasari wa kikao cha baraza la wazee kilichokubali kituo kiwe cha usharika, na uulize mapema dayosisi inataka barua ipitie kwa nani, kwa kuwa mali za kanisa zina wadhamini wake. Ukisajili kwa jina lako, cheti kitakufuata uhamishoni na kule hakitakuwa na jengo.

Kinachokwamisha usajili wa vituo vya makanisa mara nyingi ni choo. Choo cha washarika kina tundu la watu wazima, na mtoto wa miaka 3 analiogopa. Anajisaidia nyuma ya ukumbi, au anajizuia hadi aumwe tumbo. Chimbeni choo cha watoto chenye matundu mawili, tundu moja lisizidi upana wa sentimita 15, mlango usiojifunga kwa ndani, na kijiti cha kushikilia ukutani kwa urefu wa kifua cha mtoto. Kwa shule, kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, kwa hiyo mawili yanawatosha hao 26. Pembeni wekeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto upande wa mbele, chini kidogo ya shingo, limening'inizwa kwenye mti wa kulala, na kamba kutoka shingoni kwenda kwenye kijiti cha kukanyaga. Sabuni nayo itobolewe na kufungwa kwa kamba, la sivyo haitavuka siku ya pili.

Jambo moja la Njombe. Juni na Julai mnapata baridi kali na kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa ukumbini na kufunga madirisha. Msifanye hivyo hata siku moja. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na mtoto anayesinzia kwa hewa hiyo anaonekana kama amelala tu. Wafungue saa 3 badala ya saa 2, walale na soksi, na sakafuni ziwekwe mbao. Mabanzi huko kwenu ni rahisi kupatikana: benchi la urefu wa sentimita 25 hadi 28 kutoka chini linafanya miguu ya mtoto wa miaka 3 na 4 iguse sakafu, na mtoto ambaye miguu yake inaguswa na sakafu hutulia.

Sasa fedha, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza. Yule mzee alikosea namna ya kusema, lakini swali lake lina msingi, na jibu lake ni daftari. Fedha ya watoto inaingia kwenye simu ya mke wa mchungaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa baraza, inatumika bila stakabadhi, na baraza halijasomewa hesabu kwa miaka mitatu. Mtu mwaminifu akikaa hapo anaonekana sawasawa na asiye mwaminifu. Toka hapo haraka, kwa ajili yako mwenyewe.

Acha kupokea ada kwenye simu yako mwezi huu huu. Zipokelewe na mtunza hazina wa usharika, kwa kitabu cha stakabadhi chenye nakala, ziingie akaunti inayohitaji saini mbili. Nunua daftari la fedha lenye safu tano: tarehe, maelezo, kuingia, kutoka, salio. Andika humo kila kitu unachokumbuka cha mwaka huu, pamoja na ile 310,000, kisha amua sasa, wala si siku ya kuaga, kama ni sadaka yako au ni deni. Ukiita sadaka, andika sadaka, na usiidai tena moyoni. Ukiita deni, baraza liikubali kwa muhtasari na lipange kulipa lini. Deni la binti halina mjadala. Hilo lilipwe kwanza, kabla ya sukari na kabla ya kuni, na kuanzia hapo mshahara wake uwe kwenye bajeti ya usharika, ukizingatia kima cha chini kinachotakiwa kisheria. Kituo kinachoendeshwa kwa mlezi asiyelipwa humpoteza mlezi katikati ya muhula, na yeye ndiye unayemhitaji kuliko mtu yeyote.

Siku hesabu hizo zitakaposomwa, mume wako aachie kiti kwa ajenda hiyo, mzee mwingine aongoze, na muhtasari uandike kwamba aliachia. Ni jambo la dakika 20, na linamlinda yeye na wewe.

Kuhusu wasiolipa: 180,000 kati ya 470,000 ni asilimia 38. Ukipanga matumizi kwa 470,000 utazama kila mwezi. Tazama vilevile kwa nini hawalipi. Washarika wako ni wakulima. Fedha wanaipata wakivuna viazi na mahindi, na wewe unawadai kila tarehe 1 kana kwamba wanapokea mshahara. Gawanya ada ya mwaka iwe awamu mbili, kubwa baada ya mavuno, ndogo kabla ya Krismasi, kisha chakula kitoke kwa mahindi.

Hesabu ya mahindi ni hii. Watoto 26 na walezi 2, kikombe cha mililita 250 kila mmoja, ni lita 7 za uji kwa siku. Lita 7 zinataka unga gramu 700 na sukari gramu 150, kama vijiko 10 vya chakula. Kwa siku 20 ni kilo 14 za unga kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni kilo 140. Kila mzazi akileta sado mbili za mahindi, yaani kilo 7 hivi, baada ya kuvuna, mnapata karibu kilo 180. Ziada ya kilo 40 inafidia mbovu mtakazochambua na wazazi wawili watatu watakaokosa. Hapo unga umeacha kutoka jikoni kwako, na mzazi asiye na shilingi amechangia bila aibu.

Mahindi yachambuliwe kwa mkono: yaliyooza, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yote nje. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hifadhini makavu, juu ya chaga, mbali na ukuta. Sageni ya mwezi mmoja tu, kilo 15 hivi, kwa sababu dona lina kiini chenye mafuta na likikaa linakuwa chungu. Na acheni ule unga wa lishe wa nafaka saba unaochanganywa na karanga na soya na kukaa miezi mitatu: karanga zinaharibika upesi na kuharibu mchanganyiko wote, na soya isiyokaangwa au kuchemshwa kwanza inamsumbua mtoto tumbo. Dona safi, na siku mnazopata maziwa weka lita 1 ya maziwa mahali pa lita 1 ya maji. Unga ukorogwe kwenye maji baridi kwanza, ndipo umiminwe kwenye yanayochemka, usionjwe kabla ya dakika 15 za kutokota. Uji uliobaki wasipewe kesho yake.

Nije kwa mwalimu mkuu, maana amekupa zawadi bila kujua. Watoto 47 wakiimba a, e, i, o, u kwa pamoja, wanachojifunza ni wimbo. Asiyejua anajificha ndani ya sauti za wenzake, na mwalimu anarudi nyumbani akiamini darasa zima limeelewa. Jaribu hivi kesho: andika irabu tano kwenye kadi tano, zichanganye, mwite mtoto mmoja mmoja na umwambie akupe o. Utajua ukweli kwa nusu saa. Lakini usihangaike kuwafundisha hizo herufi wa miaka 3. Kinachotangulia herufi ni sikio.

Wapigishe makofi kwa silabi: ki-a-zi, makofi matatu, pa-ra-chi-chi, manne. Hapa walimu wengi huteleza kwenye maneno kama mtoto na mbwa: m-to-to ni makofi matatu, kwa sababu hiyo m inasimama peke yake kama silabi. Ukimpigisha mawili unamfundisha kutoisikia, na darasa la kwanza ataandika "toto". Baada ya silabi, mchezo wa sauti ya mwanzo: nani anaona kitu kinachoanza na ka? Kikapu hakiingii, kamba inaingia. Mtoto wa miaka 4 anayeweza mchezo huo atazijua herufi ndani ya wiki chache atakapofika darasa la awali.

Na lugha. Wengi wao nyumbani ni Kibena. Mtoto akikuamkia "kamwene", mwitikie, kisha umwambie na Kiswahili chake. Akikatazwa Kibena atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza huwezi kumfundisha lugha yoyote. Kiswahili chake kinakua kwa kuulizwa na kujibu, mara ishirini kwa asubuhi, na hilo haliwezekani kwenye kundi la 26. Kwa hiyo wagawe kwenye kona nne, watoto 6 au 7 kila kona, dakika 20 kisha wanazunguka: kona ya kujenga kwa vipande vya mabanzi vilivyopigwa msasa, kona ya nyumbani yenye sufuria kuukuu na vitenge, kona ya udongo wa mfinyanzi, na kona ya hadithi ambako mlezi mmoja anakaa muda wote akizungumza nao. Mlezi wa pili anazunguka kona tatu zilizobaki. Vizibo vya soda vya kuhesabia viwe 30 kamili kwenye kopo, vihesabiwe kila mwisho. Maharage usiwape, yanaingia puani na masikioni na hukohuko yanavimba.

Penseli inashikwa kwa ngumi kwa sababu imekuja mapema. Vidole vya miaka 3 havina nguvu hiyo, mtoto anatafuta njia yake, na mshiko mbaya ukikaa mwaka mzima kuuondoa ni kazi. Weka penseli kabatini. Wape mahindi wapukuchue, kwa dole gumba na vidole viwili, kila siku dakika 10. Hakuna zoezi bora zaidi la mkono wa kuandika na linawapunguzia walezi kazi. Halafu udongo, halafu chaki sakafuni, halafu kalamu za rangi zilizovunjwa vipande vya sentimita 3, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Wa miaka 4 akifika hapo ndipo umpe penseli, na achore kabla ya kuandika.

Wazazi wanaotaka Kiingereza na kazi za nyumbani usibishane nao kikaoni. Waalike asubuhi moja, wawili wawili, wakae kona ya hadithi. Nyimbo mbili tatu za Kiingereza hazidhuru. Lakini masomo ya shule ya msingi ya kijijini kwenu yatakuja kwa Kiswahili, na mtoto asiyeweza kueleza kwa Kiswahili nini kimetokea njiani atakwama hesabu kama atakavyokwama kusoma. Kazi ya nyumbani kwa wa miaka 4 iwe moja: mama amsimulie kitu jikoni kwa lugha yoyote, na kesho yeye atusimulie.

Ulinzi, kwa ufupi ila kwa uzito. Kiboko hakiingii ukumbini. Kila mtoto awe na majina mawili matatu ya wanaoruhusiwa kumchukua, yaandikwe, na asiyeandikwa hapewi hata kama ni mzee wa kanisa. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani. Bandikeni ukutani namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, na walezi waijue kwa kichwa.

Sasa makabidhiano. Umeuliza umkabidhi nani. Usimkabidhi mama mchungaji ajaye. Anaweza kuwa muuguzi, mfanyabiashara, au mwenye mtoto mchanga. Umama mchungaji hausomewi, na si haki kumkuta mtu mlangoni na watoto 26. Kabidhi kwa kamati na kwa walezi. Kamati iwe ya watu watano: mzee mmoja wa baraza, mama mzazi, baba mzazi, mwalimu wa darasa la awali wa shule ya msingi, na mlezi kiongozi. Ikutane mara moja kwa mwezi, muhtasari uandikwe. Mlezi kiongozi ni huyo binti. Kamati imtafutie mafunzo: baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinafundisha malezi ya watoto wadogo, na vyuo vya ualimu vina mafunzo ya elimu ya awali. Usharika ulipie, yeye asaini kufanya kazi muda fulani akirudi. Mlezi wa pili atafutwe sasa, wala si Desemba, na awe mwenyeji wa kijiji asiye na mpango wa kuhama.

Kuna mfano wa zamani unaofanana na wako kuliko unavyodhani. Mwaka 1767 mchungaji Johann Friedrich Oberlin alipangiwa Waldersbach, kijiji maskini kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa. Wazazi walikuwa mashambani na wadogo wakizurura. Binti wa kule, Sara Banzet, alianza kuwakusanya na kuwafundisha kufuma. Oberlin na mkewe, Madeleine-Salomé Witter, waliifanya kazi hiyo kuwa ya usharika, wakafungua vyumba vijiji vingine na kuwafundisha wanawake wa hukohuko kuviongoza. Watoto walizungumza lugha ya kijiji, na Kifaransa walikipata kwa nyimbo na mazungumzo huku mikono ikifuma. Sara alifariki 1774, Madeleine-Salomé akafariki 1783. Vyumba havikufungwa. Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani kwa mchungaji kama msichana wa kazi, aliendelea na watoto hao hadi karibu na kifo chake mwaka 1837. Waliokuwa na funguo walikuwa wanawake wa vijijini, kila mmoja kwenye kijiji chake.

Namna ya kufanya hivyo kwako: kuanzia wiki ijayo Jumatano usiende. Binti aongoze, mama mmoja wa zamu amsaidie. Siku ya kwanza atakwama baada ya uji, watoto watatawanyika, kwa sababu ratiba ya saa ile iko kichwani mwako na haijaandikwa popote. Basi iandike. Kila Ijumaa jazeni ukurasa mmoja wa daftari la wiki: wimbo, hadithi, kona na vifaa vyake, nani anapika, mtoto gani wa kuangaliwa. Mwezi wa pili acha siku mbili, wa tatu siku tatu, Desemba uwe unakuja siku moja tu kutazama na kuuliza. Usimsahihishe mbele ya watoto wala wazazi. Wakiona bado unaongoza wewe, ada na malalamiko yatarudi kwako. Wiki mbili kabla ya kufunga, kamati ihesabu vitu vyote, benchi, mikeka, sufuria, vitabu, mahindi yaliyobaki, mwandike orodha na kusaini nakala tatu: yako, ya kamati, ya mtunza hazina.

Hayo yakienda, nyumbani kutapumua. Shule ya Jumapili wakabidhi vijana wawili walioipitia wenyewe, na umoja wa wanawake uchague mwenyekiti kwa kura. Mahali pengi mama mchungaji anawekwa kwa mazoea tu na hakuna aliyemuuliza. Huyo wa darasa la tano, chukua madaftari yake ya wiki mbili uyapitie ukurasa kwa ukurasa, uone ameshuka wapi hasa, hesabu au lugha. Kisha kila jioni kabla ya kula akusomee kwa sauti dakika 15, nawe uwe macho. Ukisinzia atajua, kwa hiyo mfanye hivyo jikoni mkiwa mmesimama kama ni lazima.

Ufunguo wa ukumbi mpe binti leo jioni. Kesho afungue saa 2 kasorobo, awashe moto wa uji, apokee watoto wa kwanza. Wewe fika saa 2 na robo.